Pasi za Mpini Mwekundu

Jumatatu, 6 Mei

Siku mbaya. Meza ya bosi imeungua.

Si mimi niliyeiunguza. Naliandika hilo mwanzoni kabisa ili lijulikane. Ni Bibi Kipimo, mkuu wetu wa ubora, mwanamke anayepima hata chai kabla hajainywa. Aliingia kikaoni na pasi yetu mpya, ile ya mpini mwekundu, akaichomeka ukutani, akaiweka kwenye moto mdogo kabisa, akailaza juu ya meza na kuketi. Sote tukaitazama. Pasi nzima hufika mahali ikalia "tik" ikakata moto. Hii haikulia chochote. Ikazidi tu kupanda. Moshi ukaanza. Bosi akaruka. Sasa meza ina alama ya pasi katikati, ya kahawia, imetoka vizuri kuliko nembo ya kampuni.

Bibi Kipimo akasema kidude cha kukata moto ni kibovu katika pasi zote za mpini mwekundu. Za mpini mweusi ni nzima. Akataka tusimamishe mauzo leo hii, tuseme redioni waziwazi, na watu warudishiwe pesa zao. Mficha maradhi, akasema, kifo humuumbua.

Redioni! Nilishtuka hadi nikasimama. Ukishatangaza kwamba pasi yako inaunguza, nani atakuja kununua hata feni yako? Nikasema funika kombe mwanaharamu apite. Nikaahidi kuzikusanya pasi zote bila mwenye pasi hata mmoja kujua kwa nini anairudisha. Bosi, ambaye anaogopa kipaza sauti kuliko moto, akanipa wiki moja.

Nikifaulu, nitaacha kuwa Kaimu Meneja wa Mahusiano na Wateja. Nitakuwa Meneja mzima. Nimekaimu kwa muda mrefu mpaka mke wangu akinitambulisha kwa wageni husema huyu ni kaimu mume wangu. Wageni hucheka. Mimi sicheki.

Nilipokuwa mezani nikila ndipo nikakumbuka. Dada! Dada yangu mkubwa ana duka la dobi, na pasi zake sita zote ni za mpini mwekundu. Nilimuuzia mimi mwenyewe. Niliapa kwa kaburi la baba kwamba haziunguzi hata karatasi. Nikaisukuma sahani.

Jumanne, 7 Mei

Mpango umekamilika! Jina lake: Shukrani kwa Mteja. Mwenye pasi ya mpini mwekundu anaileta kiwandani, tunamshukuru, tunampa zawadi, anaondoka akicheka. Neno "mbovu" halitamkwi na mtu. Hata ndani ya kiwanda. Kuta zina masikio.

Nimekwenda stoo kumpanga mtunza stoo. Huyu ni mtu wa kufuata maagizo. Ukimwambia funga mlango, anafunga, hata kama wewe bado uko ndani. Nikamwambia pasi zitakazorudi azirundike kona ya kulia, na juu yake nimebandika kibao nilichokiandika kwa mkono wangu: ZAWADI. Hivyo hata mdaku akichungulia, hataona ubovu wowote. Mtunza stoo akauliza, kwa hiyo hizi zitakazorudi ni zawadi? Nikamjibu ndiyo, ni zawadi, na asiulize tena. Akasema sawa. Laiti wafanyakazi wote wangekuwa na nidhamu ile.

Mchana nikapita kwa dada. Nilikuta wale mama wawili aliowaajiri wanapiga pasi sare za wauguzi, nyeupe pee, zimepangwa mpaka dirishani. Hospitali ndiyo mteja wake mkubwa. Wengine wote, wa suruali moja moja, ni chumvi tu. Matroni wa hospitali, yule mkuu wa wauguzi, akiondoka, duka linafungwa na dada anarudi kukaa kwa mtoto wake, kitu alichoapa hatakifanya akiwa na nguvu zake.

Nikaanza kwa mbali. Nikasema nimesikia rangi nyekundu huchosha macho ya anayepiga pasi. Dada akasema macho yake hayana neno. Nikasema mtindo wa sasa ni mweusi. Akasema pasi haiendi harusini. Kisha akalalamika kwamba zile sita siku hizi zina kiherehere, zinapata moto upesi sana, mpaka wanazichomoa ukutani kila mara. Nikafungua kinywa nimwambie. Kilikuwa wazi kabisa, kinywa. Nikajikuta namwambia amesuka vizuri.

Alikuwa amevaa kilemba.

Jumatano, 8 Mei

Sielewi watu.

Gari la matangazo limezunguka tangu asubuhi. Tumesema kwa lugha tamu: wateja wetu wa mpini mwekundu, njooni tuwashukuru. Kufika mchana uwanja umejaa. Nikafurahi. Kisha nikaanza kutazama walichobeba. Pasi za kampuni nyingine. Pasi za mkaa. Mmoja kaleta birika. Bwana mmoja kapaka mpini wa pasi yake rangi nyekundu asubuhi ileile, ikanishika mkononi nilipompa mkono wa pongezi. Wote wanataka zawadi. Wenye pasi zetu hasa wamekuja wachache mno.

Nikamuuliza mama mmoja mpita njia, mwenye pasi yetu kwenye kapu, mbona haingii. Akasema alikuwa anakwenda kuiuza, lakini kwa kuwa kampuni yenyewe inaitafuta kwa udi na uvumba, bila shaka ni pasi nzuri sana. Kwa hiyo ameamua kubaki nayo. Akanishukuru kwa kumfumbua macho, akarudi nayo nyumbani.

Nikabaki nimeshika kipaza sauti. Nilitaka kumkimbilia, lakini ningemwambia nini?

Bibi Kipimo alipita na kikombe chake. Bibi huyo akinyamaza, ni afadhali akutukane.

Ijumaa, 10 Mei

Ushindi! Ushindi mtupu!

Kosa la Jumatano nimeligundua. Shukrani peke yake haina mvuto. Mtu haachi kitu mpaka aone kitu. Basi gari limezunguka upya: lete pasi ya mpini mwekundu, ondoka na pasi nyingine mpya, papo hapo, bure. Foleni ilifika getini, ikageuka kona, ikapotea machoni. Zikaingia nyekundu tupu. Nilitaka kuzibusu.

Nimewahi kufikiri mimi ni mtu wa kawaida. Leo nimebadili mawazo. Angalia jambo dogo kama hili: niliagiza kila pasi itoke stoo ikiwa imefungwa kwa karatasi ya dhahabu. Kwa nini? Ili mteja asisimame pale pale akaanza kulinganisha mpya na ya zamani na kuuliza maswali. Aende akaifungulie kwake. Mtunza stoo nilimwambia maneno mawili tu: toa zawadi. Akatoa, akafunga, akatoa, akafunga. Sikulazimika hata kuingia mle ndani. Kiongozi hana haja ya kuchungulia kila kona.

Dada naye alikuja, na pasi zake zote sita kwenye beseni. Nilimpitisha mbele ya foleni. Watu wakaguna, nikawaambia huyu ni mama mgonjwa. Dada akanikanyaga mguu. Lakini nilipomkabidhi zile sita mpya kwa mikono yangu, zinang'aa dhahabu, alicheka, akaniambia kumbe mdogo wangu umekuwa mtu. Akasema baba angekuwepo angefurahi.

Nililia kidogo nyuma ya gari la matangazo. Amesalimika, na hajui hata kwamba alikuwa hatarini. Huo ndio uhodari.

Bosi kanipiga begani mara mbili. Bibi Kipimo aliuliza tu, zile pasi nyeusi za kutolea zawadi nilizichukua wapi, maana kwake hesabu haijapungua hata moja. Wivu ni ugonjwa.

Jumatatu, 13 Mei

Kuna jambo haliendi sawa.

Foleni ya leo ni ndefu kuliko ya Ijumaa. Na nyuso ni zilezile! Yule bwana wa suti ya kijani, nakumbuka vizuri nilimpa Ijumaa. Leo karudi na nyekundu nyingine. Nikamuuliza, wewe ulikuwa na ngapi? Akasema moja. Nikasema na hii? Akasema hii ndiyo mliyonipa. Nikamwambia haiwezekani. Akasema anaupenda sana mchezo huu ila angependa kujua unaisha lini, kwa sababu suti ilikuwa ya kijani nzima na sasa, akageuka, mgongoni ina pasi.

Bibi Kipimo kaja na swali. Tumepokea pasi nyekundu nyingi kuliko tulizowahi kutengeneza. Inakuwaje? Nilikaa nikalifikiria swali hilo mpaka kichwa kikauma. Kisha likanijia jibu. Washindani! Kuna kampuni inaiga pasi zetu mbovu ili kutuchafulia jina! Nikakimbia kwa bosi. Bosi akauliza ni nani atatumia pesa kuiga kitu kibovu. Nikamjibu kwamba hapo ndipo penye ujanja wenyewe. Ameagiza walinzi wapekue mikoba getini. Mpaka jioni wamekamata maandazi na kanga moja.

Kadiri zinavyorudi ndivyo zinavyozidi. Nachota bahari kwa kijiko na bahari inajaa.

Jioni dada akapiga simu. Hakupaza sauti. Hakuuliza watoto wanaendeleaje. Alisema neno moja: njoo. Nikamwambia nitakuja kesho asubuhi, leo nina kikao. Sikuwa na kikao.

Jumanne, 14 Mei

Naandika kwa taabu.

Nilifika dukani kabla hawajafungua dirisha. Dada alikuwa amesimama katikati ya chumba. Sare za wauguzi zimetandazwa kila mahali, mezani, kwenye kamba, juu ya viti. Kila sare ina alama ya pasi. Nyingine kifuani, nyingine mfukoni, moja mgongoni, imetulia kama imepigwa muhuri. Chini sakafuni, karatasi za dhahabu. Na juu ya karatasi, pasi sita. Mpini mwekundu. Mwekundu. Mwekundu. Nilihesabu mara tatu nikitumaini mojawapo ingebadilika.

Nikasema ni washindani. Nikasema tuna maadui wakubwa sana, dada, wamezibadilisha njiani. Akaniuliza nilijua? Nikatazama dari. Dari yake inahitaji rangi. Akauliza tena, taratibu: ile Jumanne ulipokuja kunisifia nywele zangu, ulijua kwamba pasi hizi zinaunguza?

Nikasema nilijua kidogo.

Aliligeuza beseni akalikalia. Wale mama wawili wakatoka nje bila kuambiwa. Dada akasema Matroni anakuja kuchukua sare keshokutwa. Akasema hata kama angefanya kazi bila kulala, nguo iliyoungua haifuliki. Akasema angeambiwa tu, Jumanne ile, neno moja tu, angezirudisha pasi zake za zamani kabatini zikafanya kazi. Hakuwa na haja ya zawadi yoyote. Hakulia. Ingekuwa nafuu angelia. Mimi ndiye niliyekuwa na machozi, na hata hayo sikuona kama nina haki nayo. Nilimhurumia sana.

Hapo hapo wazo likanijia. Tumwambie Matroni ni mtindo mpya! Alama moja kwa kila muuguzi, kila mmoja mahali pake, ili watambulikane kwa mbali! Nilikuwa bado naeleza dada aliposimama. Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Kiatu kimoja kilibaki.

Kiwandani nilikuta watu wamesimama mbele ya kona ya kulia ya stoo. Bibi Kipimo alikuwa anamuuliza mtunza stoo zawadi zote zimetoka wapi. Mtunza stoo akanyoosha kidole juu, kwenye kibao. ZAWADI. Mwandiko wangu. Alieleza bila hasira: Kaimu aliniambia hizi ni zawadi, kisha akaniambia toa zawadi, nikatoa. Nikamfokea, kwa nini hukuuliza? Akasema aliuliza. Nikamwambia angeuliza mara ya pili. Akasema nilimkataza kuuliza tena.

Sijui mtu afanye nini na wafanyakazi wa namna hii.

Alhamisi, 16 Mei

Leo saa ya taarifa ya habari nilijifungia chooni.

Wiki yangu imekwisha, bosi amekubali njia ya Bibi Kipimo. Amesoma mwenyewe redioni. Alisoma akisitasita. Pasi zetu za mpini mwekundu, akasema, ni mbovu. Hazikati moto. Ichomoe sasa hivi kama unaitumia. Irudishe popote ulipoinunua, hata bila risiti, utarudishiwa pesa yako. Kama imeunguza nguo, ilete na nguo, tutalipa. Tulijua tangu wiki iliyopita tukawazungusha badala ya kuwaambia. Mtusamehe.

Mtusamehe! Kampuni nzima, mbele ya watu! Niliziba masikio lakini redio ilikuwa ya mlinzi na mlinzi hasikii vizuri. Nilisubiri mawe. Nilisubiri vioo vivunjike. Nilisubiri sana, mpaka mtu akagonga akitaka kutumia choo.

Mambo ya dada nimeyasikia kwa mke wangu, maana dada haniongeleshi. Hakumngoja Matroni aje. Tangu jana asubuhi alizifunga zile sare zote, akazipeleka hospitali mwenyewe, akazitandaza mezani kwa Matroni na kusema: hizi nimeziunguza mimi, kwa pasi hii, niliyopewa na mdogo wangu, na sare nyingine nitazishona. Matroni aliwaka. Akamnyang'anya kazi yote, akambakishia aproni za jikoni tu, kumwangalia. Dada akasema asante, akabeba aproni.

Nimemwambia mke wangu kwamba dada kakosea. Angengoja. Huenda Matroni asingeona. Mke wangu akauliza sare arobaini zenye alama ya pasi zisionwe na nani. Nikamwambia inategemea mwanga.

Jumamosi, 18 Mei

Bosi ameniita. Mimi si Kaimu tena. Moyo uliruka. Kumbe pia si Meneja. Mimi ni mpokeaji wa pasi kwenye dirisha la marejesho. Kiti changu kapewa Bibi Kipimo, naye kwanza alikipima kwa futi.

Nimekaa dirishani kutwa na sasa nimechanganyikiwa kabisa. Nilitegemea matusi. Watu wanakuja, wanaweka pasi, wanachukua pesa yao, wanasema haya asante. Kisha wanavuka uwanja, wanaingia duka letu la mbele, na pesa ileile wananunua pasi ya mpini mweusi! Yetu! Nilimshika mzee mmoja mkono kupitia dirishani. Nikamuuliza, mzee wangu, tumekuunguzia shati, mbona unanunua tena? Akasema wanaouza vitu vibovu ni wengi, lakini anayekuja kukwambia mwenyewe kabla hujamfuata ni mmoja mmoja. Akasema basi huyo afadhali amfahamu. Akaomba nimwachie mkono.

Yule bwana wa suti ya kijani naye kalipwa suti. Alikuwa na huzuni kidogo kwamba mchezo umekwisha.

Mchana akatokea dada. Kapanga foleni kama wengine. Akaweka pasi sita mbele yangu, akangoja. Nikamhesabia pesa. Akangoja. Nikamwambia kwa niaba ya kampuni tunasikitika kwa usumbufu. Akasema kampuni yeye haijui, hakuwahi kuibeba mgongoni ikiwa ndogo. Nikasema nisamehe, dada. Sauti ilitoka nyembamba, sikuitegemea. Akazifunga pesa kwenye kanga. Kisha akasema kusamehe kutakuja kwa miguu yake, lakini kila Jumapili nije nimfulie, kwa mikono, mpaka atakaponiambia basi.

Akaenda duka la mbele akanunua sita nyeusi. Sielewi. Nafurahi, lakini sielewi.

Jumapili, 26 Mei

Nimeelewa!

Imenijia leo nikiwa na povu mpaka viwikoni kwenye karo la dada. Juzi Matroni alikuja mwenyewe dukani. Amemrudishia kazi yote ya sare. Na juu yake ameongeza mashuka ya wodi mbili! Alimwambia dada kwamba wafuaji wengine wote huficha nguo walizoharibu mpaka yeye azigundue, na kwamba sasa analala usingizi. Dada kaimba kutwa nzima. Hata mimi kaniongelesha, ingawa ni kuniambia nisugue kola.

Sasa tazama mambo yalivyopangika. Kabla pasi hazijaharibika, tuliuza wastani. Zikaharibika, tukaomba radhi, tunauza kuliko zamani. Kabla dada hajaunguza sare, alikuwa na sare. Kaziunguza, kakiri, ana sare na mashuka. Inawezekanaje watu wenye akili kama Bibi Kipimo wasilione jambo hili? Siri ya kuaminiwa ni kuunguza! Vitu vizima havina la kuombea radhi. Vinakaa tu pale dukani, vimenyamaza, hakuna anayevijua.

Nikamtazama dada anaimba, na roho ikaniuma. Kazi yake ya wiki hii yote ni safi. Hakuna doa. Sasa Matroni atampendea nini? Kutoka mashuka ya wodi mbili mwanamke huyu anaweza kupata ya hospitali nzima, na hakuna wa kumsaidia ila mimi.

Alipotoka kwenda kuanika, nikachukua shuka moja la wodi, nikalitandika, nikaweka pasi nyeusi juu yake, moto wa mwisho kabisa, nikaiacha. Nikakaa pembeni, mikono magotini. Nilikuwa na furaha ya mtu anayefanya wema kwa siri.

Tik. Pasi imekata moto.

Nikangoja. Ikawaka. Tik. Ikakata tena. Nikaigeuza, nikaikandamiza kwa mikono miwili. Nikaikalia kwa muda mfupi. Tik. Nikainua shuka kulitazama kwenye mwanga. Halijawahi kunyooka vile. Dada akaingia, akaliona, akanisifu mbele ya wale mama wawili kwamba angalau kitu kimoja nimejifunza.

Nilikuwa na hasira mno. Hii ni pasi ya namna gani? Mteja anaihitaji iunguze mara moja tu, kwa sababu nzuri, nayo inakataa! Hili halikubaliki. Kesho naibeba kiwandani na kuirudisha. Nitafika dirishani kabla ya foleni, nijieleze kwa utulivu, na nijisikilize vizuri. Nisiporidhika na majibu nitakayojipa, naenda redioni.